Neno la Mama Masjala

Simu ya Mzee Gaspari ilinikuta Dodoma, nikiwafundisha watumishi wa ofisi moja namna ya kutunza maneno yao ya siri. Niliona namba ngeni, nikaikata, maana mwenye kanuni ya kuzima simu darasani ni mimi mwenyewe. Ikaita tena. Ilipoita mara ya tatu nikatoka barazani, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi ikasema bila salamu, "Vestina ametutoka. Tunazika keshokutwa, huku Nyantakara." Mimi ndipo nikamwamkia shikamoo, baada ya habari kama ile, kama mtu aliyepungukiwa akili. Akaitikia marahaba, akakata. Nilirudi ndani nikamaliza somo. Nilieleza kwa nini mtu asitumie jina la mwanawe kuwa neno la siri, na watumishi wakacheka wakitazamana, maana nusu yao ndivyo walivyofanya, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaenda kujifungia chooni nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga akiuliza kama kuna mgonjwa.

Watu hudhani mimi nilijifunza kazi hii chuoni. Chuoni nilijifunza kompyuta. Kazi nilijifunza Ngara, katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha watu watatu. Habari za kwetu Rulenge na za wazazi wangu nitaziacha, hazina kosa lolote hapa. Inatosha kusema nilikuwa mtoto wa huko, najua Kihangaza, najua kuamkia wakubwa, na ndiyo sababu Bwana Shija alinichukua. Bwana Shija alikuwa Msukuma wa Mwanza, mpole, mwenye kampuni ya watu wawili: yeye na mimi. Alikuwa amepata kandarasi ya kufunga mitandao katika ofisi kadhaa za wilaya, kazi ya mwaka mzima, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kazi nyingine ambayo wakati huo wachache waliielewa. Mwenye nyumba anakuajiri ujaribu kuingia nyumbani kwake bila funguo, kisha umwonyeshe ulipopitia, ili apazibe kabla mwizi hajapaona. Nyumba yenyewe ni mfumo wa kompyuta. Shangazi yangu alipoelezwa alisema, "Kwa hiyo unalipwa kuiba."

Nilipanga chumba kwa Mama Masjala. Nyumba yao ilikuwa mteremkoni, chini ya stendi ya mabasi ya Ngara, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na migomba inagusa madirisha. Mama alifanya kazi masjala ya hospitali moja ndogo ya binafsi, ambayo sitaitaja na ambayo siku hizi haipo tena. Yeye ndiye aliyeandikisha wagonjwa na kutunza kadi zao tangu zilipokuwa makaratasi ndani ya makabati hadi zilipoingia kwenye kompyuta. Jina lake la ubatizo lilikuwa Vestina, lakini mji mzima ulimwita Mama Masjala. Nami nikamwita hivyo hivyo. Kwetu mwanamke mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, na ukimsikia anaitwa kwa jina la ofisi ungepaswa kushtuka kidogo, hata usipouliza. Mimi sikushtuka. Niliona ni utani wa mji, basi.

Chumba chenyewe kilikuwa kisafi kuliko chochote nilichowahi kulala: sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, pazia la maua ya bluu, meza ndogo yenye alama za kalamu za rangi, na kitanda kifupi. Kitanda kilikuwa kifupi kweli. Miguu yangu ilining'inia nje kuanzia kwenye kifundo, na siku ya kwanza nilipolitaja jambo hilo, Mama Masjala alisema, "Fundi arikosea vipimo," akaniletea kigoda cha kuegemezea miguu na mto wa kukiwekea juu. Nililala hivyo mwaka mzima. Ninawafundisha watu kuona kile ambacho macho yao yamekizoea, ndiyo riziki yangu. Na mwaka mzima nilikilalia kitanda kile na sikukiona.

Tulikula saa moja jioni. Ndizi na maharage kwenye sufuria moja, siku ya soko dagaa waliokaangwa na vitunguu, Jumapili wali. Mama Masjala alikuwa mtu wa jamii zilizotoka Burundi zamani zikabaki zikilima, na ulimi wake haukuwa na habari na herufi l. Nikichelewa kurudi alikuwa ananipokea mlangoni: "Umekura?" Nami nikimjibu, "Bado, Mama, uchaguzi haujafika," naye anacheka mpaka anashika ukuta, kila mara, kama vile utani ule ulizaliwa siku hiyo. Mzee Gaspari hakuwa mchekaji. Alikuwa dereva wa gari la hospitali hiyo hiyo, Mhangaza wa Ngara, mtu wa maneno machache na Kiswahili kilichonyooka kwa kuzunguka na barabara. Alikula na redio ndogo kando ya sahani, ameiinamishia sikio, na akimaliza alisema "Asante, Vestina," akatoka kwenda kukagua matairi ambayo alikuwa ameshayakagua.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mazungumzo yote yalipita juu na kushukia kitandani kwangu. Niliwasikia wakizungumza kuhusu mvua, kuhusu daraja lililobomoka, kuhusu mgonjwa gani kapona. Jioni moja nilimsikia Mama akisema polepole, "Reo angekuwa anamariza shure." Mzee akasema neno moja tu, "Vestina," na baada ya hapo nikasikia redio ikiongezwa sauti. Mimi nilielewa kuwa leo kuna mtoto fulani, wa ndugu labda, angekuwa anamaliza shule, na imeshindikana. Nilijua Mama anavyosema leo. Niligeuka upande wa pili nikaendelea kusoma.

Kandarasi ya hospitali ilikuja katikati ya mwaka. Mkurugenzi wake alikuwa amesikia kuwa hospitali fulani mbali huko ilivamiwa, mafaili yakafungwa na watu wasiojulikana, wagonjwa wakarudishwa nyumbani kwa sababu hakuna aliyejua nani anameza dawa gani. Aliogopa, na aliogopa kwa haki. Akamwandikia Bwana Shija barua ya ruhusa yenye mhuri, ambayo nilitakiwa kutembea nayo kwenye mkoba ili nikikamatwa niitoe. Bwana Shija akaniuliza kwenye simu, "Unamfahamu yeyote anayefanya kazi pale?" Nikamwambia ninakopanga ni kwa mtumishi wa masjala, lakini ni mpangishaji tu. Akasema, "Basi ya nyumbani uyaache nyumbani. Usitumie lolote ulilolipata ukila chakula chake." Nikaahidi. Na ahadi hiyo niliitimiza kwa herufi zake zote, kama wanavyozitimiza watu wanaojua wanadanganya.

Wiki mbili nilihangaika na kuta. Nilijaribu kupitia mtandao nikakuta Bwana Shija mwenyewe ndiye aliyekuwa ameufunga miezi mitatu nyuma, na alikuwa ameufunga vizuri. Nilidondosha flashi mbili karibu na maegesho nikitumaini mtu ataichomeka mojawapo aone ni ya nani. Mfagizi akaziokota zote mbili akazipeleka kwa mkurugenzi. Nilipiga simu famasi nikijifanya mtu wa kompyuta kutoka Mwanza, na kijana aliyepokea akanijibu kwamba watu wa Mwanza hawaamkii kwa shikamoo ya Rulenge, nikakata haraka. Nilianza kuona aibu. Niliona nitarudi kwa Bwana Shija mikono mitupu, aseme si kitu, kwa upole wake ule, na upole wake ulinichoma kuliko matusi ya watu wengine.

Ndipo nikaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa mbele ya dirisha la masjala, asubuhi mapema, nisikilize tu. Bwana Shija alikuwa amenifundisha kuwa ofisi ina masikio na midomo mingi kuliko waya. Mama Masjala aliniona kupitia dirishani. Nilimwambia tumbo linanisumbua. Akafungua mlango wa pembeni, ule wenye kibao kikubwa kwamba asiye mtumishi haruhusiwi, akanishika mkono. "Benchi ni ra wagonjwa, mwana wanje. Njoo ukae huku ndani, upate chai kwanza." Mwana wanje, yaani mwanangu, kwa lugha ya kwao. Akanipa kiti kando yake, akanimiminia chai ya tangawizi kwenye mfuniko wa chupa yake, akanifunika kanga mabegani kwa sababu kulikuwa na baridi. Kisha akageukia kompyuta yake aanze kazi. Alikuwa amejifunza kuchapa ukubwani, kwa kidole kimoja cha kila mkono, na kama wengi waliojifunza ukubwani alizitaja herufi kwa kunong'ona huku akizitafuta. R. E. O. K. A. D. I. A. Alizitaja taratibu, akatulia kidogo, akabonyeza. Skrini ikafunguka.

Nilikunywa chai ile yote. Nilimshukuru. Mchana nilikwenda kwenye kompyuta ya chumba cha sindano iliyokuwa imeachwa wazi, nikaandika jina la kazi la Mama Masjala, nililoliona kwenye skrini yake, na neno lile, nikaingia kwenye kadi zote za hospitali. Tulikuwa tumekubaliana na mkurugenzi kuhusu kadi moja ya mgonjwa wa kubuni. Niliifungua hiyo peke yake, nikapiga picha ya skrini, nikatoka. Nilitembea mpaka stendi nikiwa nacheka peke yangu. Nilijua kuwa Reokadia ni Leokadia, nani asiyejua, katika wilaya yenye watoto wengi waliobatizwa majina ya watakatifu? Nilidhani ni jina la mama yake, au la sista aliyemfundisha. Niseme kweli, hata kudhani sikudhani. Niliona herufi nane zinazofungua mlango.

Ripoti niliiandika siku tatu kwenye ile meza yenye alama za kalamu za rangi. Jina la mtu hatukuliandika. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya Bwana Shija. Niliandika kuwa mtu asiye mtumishi aliruhusiwa kuingia masjala na kupewa kiti. Kuhusu chai na kanga sikuandika. Bwana Shija aliisoma Mwanza, akanirudishia na alama nyekundu moja tu, pembeni mwa neno la siri: weka nyota hapa. Alitaka herufi zile zifunikwe. Nilimpigia nikabishana naye. Nilimkumbusha kwamba kwenye kazi iliyopita mkurugenzi wa ofisi fulani alitutazama usoni akasema tumejitungia, na kwamba wakuu hawaamini mpaka waone kwa macho. Alisema, "Anisia, weka nyota." Nikasema sawa. Sikuweka. Nilikuwa nimelisotea neno lile wiki mbili, na nilitaka kila mtu alione.

Walikaa ukumbini watu kama ishirini: wakuu wa idara na watumishi wa siku nyingi, akiwemo Mama Masjala safu ya tatu katika gauni lake la kanisani, na Mzee Gaspari nyuma karibu na mlango, kofia magotini. Mama aliponiona mbele na projekta aliniinulia mkono kidogo kwa fahari, kama anavyofanya mama yeyote siku ya mtoto kupokea zawadi shuleni. Nilieleza kuhusu flashi, wakampigia makofi mfagizi. Nilieleza kuhusu simu ya famasi, wakacheka. Kisha nikasema mtumishi mmoja, ambaye hatumtaji, alitamka neno lake la siri kwa sauti, na neno hilo ni hili. Nikabonyeza. REOKADIA, herufi kubwa, ukuta mzima.

Kwanza walicheka. Mhasibu akasema, "Hiyo R tunaijua inakotoka," na kicheko kikapanda. Halafu kikakatika, kikianzia kwa watumishi wazee, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wanacheka vijana wawili wageni ambao nao wakanyamaza bila kujua kwa nini. Nilisikia kiti kikisogea nyuma. Mzee Gaspari alikuwa amesimama. Alilitazama neno lile, akavaa kofia yake akatoka, na hakuufunga mlango. Mama Masjala alikuwa ameiweka mikono yake mapajani. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwambia mkurugenzi, si mimi, "Naomba mfute pare ukutani." Mkurugenzi akanitazama. Nilitafuta kitufe cha kuendeleza ukurasa na kidole changu hakikukiona, kikabonyeza huku na huku, ukurasa ukarudi nyuma, ukaja mbele, na neno likatokea mara ya pili. Muuguzi mkuu ndiye aliyeinuka akauchomoa waya.

Sijui niliipitisha wapi siku ile. Saa moja jioni nilijikuta mlangoni, na Mama hakuuliza kama nimekula. Alikuwa amepakua sahani mbili tu. Ya Mzee haikuwepo. Tuliketi, ndizi zikapoa, na nikasema, "Mama, ni mimi. Niliyesikia ni mimi." Akasema, "Najua. Nani mwingine niriyemketisha karibu vire?" Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa maelezo ya njia. Kisha, kwa kuwa sasa jina lile lilikuwa limeshaonekana na mji mzima, alinieleza. Leokadia alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka saba. Siku homa ilipompanda, gari la hospitali lilikuwa njiani kuelekea Bukoba na mtoto wa watu wengine, na anayeliendesha alikuwa Gaspari. Mtoto wa wale watu alipona. Aliporudi, Gaspari hakuuliza kitu, akamzika mwanawe, na akamwomba mkewe jambo moja: jina lile lisitajwe nyumbani. Yeye akakubali, maana alikuwa na mume mmoja. "Mimi nirikuwa narisema kazini," aliniambia. "Wariporeta kompyuta wakasema kira mtu aweke neno asirorijua mtu. Nikaweka hiro. Kira asubuhi namwamsha, Reo, amka twende. Haikuwa siri, mwana wanje. Nirikuwa namwamsha tu."

Nilikumbuka ile sauti juu ya ukuta. Reo angekuwa anamaliza shule. Hakuwa anasema leo. Nililia pale mezani na Mama Masjala akanisogezea maji, akanipangusa uso kwa upindo wa kanga ile ile, na nikatamani kabisa anipige. Angenipiga ningejua deni langu limepungua. Sikupigwa. Chumbani kwangu sikuweza kupanda kitandani, nilikunja shuka nikalala sakafuni, na asubuhi aliponikuta hapo alisema, "Panda kitandani, utapata kichomi. Yeye hana shida nacho."

Hospitali iliimarika. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu maisha yangu yote nimelipwa kulisema. Mlango wa masjala ukawekewa kitasa kinachofunguka kwa kadi. Skrini zikajifunga zenyewe zikiachwa dakika mbili. Kila mwezi kila mtumishi akatakiwa kubadilisha neno lake, na mfumo ukawa unayakumbuka ya nyuma yote na kuyakataa. Kazi ya kuwafundisha watumishi nilipewa mimi. Nilipofika kwa Mama Masjala alikaa wima mbele ya kompyuta kama mwanafunzi, vidole viwili tayari, akaniuliza, "Sasa niandike nani?" Nilimwambia aandike chochote, Mama, aina ya ndizi, mlima, mto. Aliandika. Kesho yake akasahau. Akakosea mara tatu, mfumo ukamfungia nje. Tukamfungulia. Akasahau tena. Siku moja nilimkuta akiandika lile la zamani, bila kunong'ona sasa, midomo imebanwa, na kwenye skrini kukatokea maandishi niliyoyatafsiri mimi mwenyewe kwa Kiswahili fasaha ili watumishi wasipate taabu: Neno hili limekwisha kutumika. Chagua jingine. Aliyasoma mpaka mwisho. Akazima kompyuta vizuri, kwa utaratibu niliomfundisha, akaenda kwa mkurugenzi kuomba ahamishiwe kufua mashuka.

Hakufukuzwa. Watu wakiniuliza kuhusu mwaka ule huwa naanza hapo, hakufukuzwa, kana kwamba nina wakili. Alihamia nyuma ya jengo, kwenye makaro na mvuke, mikono yake ikababuka, na wenzake wakawa hawajui wamwite nani. Mama Masjala haikufaa tena, kulikuwa na msichana mwingine masjala. Mama Leokadia hakuna aliyethubutu. Walimwita Vestina, kama mtoto, mwanamke wa umri ule. Nyumbani, Mzee Gaspari alikula gereji kwa mwezi mzima. Aliporudi mezani redio ilirudi naye, na juu ya ukuta sikusikia tena mazungumzo, hata ya mvua. Yeye aliumizwa na kuonyeshwa jina la mwanawe kwenye kicheko, na aliumizwa zaidi, nadhani, kujua kwamba kwa miaka yote hiyo mkewe alikuwa na mahali pa kuzungumza na mtoto na yeye hakuwa na mahali. Hilo nimelielewa ukubwani. Wakati ule nilimwona mkali tu.

Niliondoka Ngara mwaka ulipokwisha. Ripoti ile ilipendwa. Mkurugenzi aliwaonyesha wenzake, na kutokana nayo nikapata kazi Dar es Salaam, halafu Dodoma, halafu safari za kufundisha watu. Bwana Shija hakunigombeza. Aliniambia tu, tukiwa tunakunja waya, "Nilikwambia uweke nyota," na tangu hapo hakunituma peke yangu. Mama alinisindikiza stendi na mkungu wa ndizi na mfuko wa karanga, akaniambia nije Krismasi. Nikasema nitakuja. Krismasi ile nilikuwa na kazi. Ya pili pia nilikuwa na kazi. Niliandika ujumbe kwenye simu, akajibu, nikaandika tena, kisha nikawa naandika mara moja kwa mwaka, kisha nikabadilisha namba na sikumpa mpya. Si kwamba nilimsahau. Nilimwogopa. Nilisikia tu, kwa mtu wa Rulenge, kuwa wamehamia Biharamulo, wamepata shamba Nyantakara, Mzee ameacha udereva. Najua kuwatambua watu wanaojificha kwenye mtandao kwa alama ndogo sana wanazoacha. Na nilijificha kwa bibi mmoja wa Nyantakara miaka na miaka kwa kutopokea simu. Namba yangu Mzee Gaspari aliipata parokiani kwetu, kwa kuulizia.

Nilifika Nyantakara saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwenye kijiwe cha bodaboda nikauliza nyumbani kwa marehemu Vestina. Hawakumjua. Nikasema Mama Masjala, wakatazamana. Nikaeleza kuhusu Mzee, mrefu, wa Ngara, alikuwa dereva. "Aa," mmoja akasema, "unaulizia msiba wa Mama Anisia," akawasha pikipiki anitangulie. Nilimfuata na gari nikiona barabara kwa shida. Hakuna mtu katika kata ile aliyekuwa amewahi kuniona, na jina langu lilikuwa limeitwa huko kila siku, kisimani, kanisani, sokoni, na watu wakiomba chumvi.

Mzee Gaspari alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanaume. Nilipiga magoti nikamwamkia, akanishika mkono akaubakiza mkononi mwake muda mrefu, kisha akawaambia waliokuwa karibu, "Huyu ndiye." Wakanisogezea nafasi. Wanawake wakanipeleka ndani alikolazwa, na nilimwona, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono ile ikiwa imepona, imebaki makovu. Nilitaka kusema nililokuwa nimelibeba kutoka Dodoma. Chumba kilikuwa kimejaa majirani, wote wakinitazama, wengine kwa huruma na wengine kwa jicho ambalo nililistahili, maana ni mtoto gani anayewaachia majirani mama yake wamuuguze.

Aliyekuwa amemuuguza zaidi alikuwa mama mmoja Mzinza, jirani waliyepakana naye shamba, mtu wa kusema analofikiri. Alinitoa nje, akaninawisha mikono, akaniwekea uji. Akanitazama nikiunywa. "Sisi tulikuwa tunamuuliza," alisema, "huyu binti mbona haji, hata mazao haji kuyaona. Akawa anatuambia msimlaumu mwanangu, kazi yake ni ya kulinda siri za watu, wenye kazi hiyo hawapewi likizo. Mpaka juzi anazidiwa, anasema hivyo hivyo. Mimi nikawa nabisha, nikasema haipo kazi isiyo na likizo." Akanisogelea. "Sasa niambie wewe mwenyewe, mwanangu, maana yeye hayupo. Ni kweli hampewi?"

"Ni kweli, mama," nikamjibu. "Hatupewi."